Ahmad bin Majid: Mwalimu wa bahari aliyeupangia upepo kalenda

Kabla ya meli za mvuke, mfanyabiashara wa Bahari ya Hindi hakuwa na uhuru wa kuchagua siku ya kusafirisha mzigo. Upepo ndio uliokuwa ukiamua. Miongoni mwa walioandika kanuni za upepo huo, jina linalotajwa zaidi ni la Ahmad bin Majid.

Bin Majid alizaliwa katika karne ya 15, mnamo miaka ya 1430, huko Julfar, bandari iliyokuwa katika eneo ambalo leo ni Ras al-Khaimah, Umoja wa Falme za Kiarabu. Baba yake na babu yake walikuwa waongoza vyombo, na baba huyo alisifika kwa kuijua Bahari ya Shamu.

Mwaka 1462 alikamilisha utenzi wake mrefu wa ubaharia, Hawiya, na mnamo 1490 akamaliza Kitab al-Fawaid, kitabu kinachoeleza nyota, dira, bandari na misimu ya safari. Kazi zake nyingi ni za mashairi, ambayo baharia angeweza kuyakariri. Mojawapo, Sofaliya, inaeleza njia ya pwani ya Afrika Mashariki hadi Sofala, Msumbiji ya leo, iliyokuwa soko la dhahabu.

Leo sayansi inaeleza chanzo cha pepo hizo. Hewa ina naitrojeni asilimia 78 na oksijeni asilimia 21, na karibu mvuke wake wote uko katika tabaka la chini, ambalo kwenye Ikweta hufikia kimo cha kilomita 16 hivi. Bara la Asia linapopata joto, hewa yake hupanda na kuvuta upepo kutoka kusini, nao ndio kusi. Bara likipoa, mkondo hugeuka na kuwa kaskazi.

Bin Majid hakuwa na maelezo hayo, lakini alikuwa na tarehe. Alihesabu siku za kung'oa nanga kuanzia Nairuzi, mwaka wa jua ambao mabaharia wa pwani yetu nao waliutumia. Kusi aliiita kaws, na mwisho wa msimu wake damani, neno linalofanana na demani yetu. Alionya pia juu ya kipindi cha katikati ya kusi, ambapo bahari huchafuka na bandari za magharibi mwa India hufungwa.

Kwa mfanyabiashara, onyo hilo lilikuwa na maana ya fedha. Aliyechelewa kuondoka alilazimika kusubiri miezi kadhaa, mtaji ukiwa umelala ghalani na mabaharia wakiendelea kula.

Mfano ulio wazi ni wa Vasco da Gama. Aliondoka Malindi Aprili 24, 1498 na kufika Calicut Mei 20, chini ya mwezi mmoja, akiwa na mwongoza njia aliyempata Malindi. Kurudi, aliondoka pwani ya India mapema Oktoba, kabla kaskazi haijatulia, na hakufika Malindi hadi Januari 7, 1499. Watu wake wapatao 30 walikufa njiani, na kwa kukosa mabaharia wa kutosha aliichoma meli yake moja karibu na Tanga.

Kwa muda mrefu Bin Majid alilaumiwa kwamba ndiye aliyemwonesha Mreno huyo njia. Madai hayo yaliandikwa Makka na mwanahistoria al-Nahrawali miongo kadhaa baada ya safari. Hata hivyo, waandishi wa Kireno wanamtaja mwongoza njia huyo kuwa mtu wa Gujarat, na wanahistoria wengi leo wanakataa kwamba alikuwa Bin Majid. Wakati huo alikuwa mzee wa zaidi ya miaka 60, na shairi lake la mwisho lenye tarehe ni la mwaka 1500 hivi.

Injini zimepunguza utawala wa upepo, lakini hazijaumaliza. Kusi inapokuwa kali, kati ya Juni na Agosti, manahodha wa majahazi na vyombo vidogo vya pwani bado hutazama kalenda kabla ya kupokea shehena.