Sheikh Kamaluddin Al-Farisi na Elimu ya Kuzivunja Namba

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad: wako wengi wasomao elimu ya mirathi, wakahifadhi mafungu yote, kisha wakakwama penye hisabu. Kwa ajili yao tumependa kutaja habari za mwanachuoni aliyeifungua njia hiyo.

Naye ni Kamaluddin Abul-Hasan Muhammad bin Al-Hasan Al-Farisi, wa mji wa Tabriz katika nchi ya Ajemi. Mwalimu wake alikuwa Kutbuddin Ash-Shirazi, aliyepata kuwa kadhi, naye alisoma kwa Nasiruddin At-Tusi huko Maragha. Zamani hizo nchi ilikuwa mikononi mwa Wamongoli, na Baghdad ilikuwa imekwisha kuanguka mwaka 656 Hijria (1258). Lakini elimu haikukatika, maana walimu hawakuacha kusomesha.

Kutbuddin alimwelekeza kwenye kitabu cha Ibn Al-Haitham juu ya nuru na macho. Kamaluddin akakisherehesha na kukisahihisha katika kitabu chake Tankihul-Manadhir. Apate kujua sababu ya upinde wa mvua, alitwaa tufe la kioo akalijaza maji, liwe mfano wa tone moja la mvua, akaufuata mwali unavyopinda ukiingia, ukarudishwa ndani, kisha ukapinda tena ukitoka.

Kwa tabia hiyo hiyo ya kulichungua dogo ili alijue kubwa, aliziendea namba. Katika risala yake Tadhkiratul-Ahbab alitaka kuithibitisha kwa njia mpya kanuni ya Thabit bin Kurra, aliyekufa mwaka 288 Hijria (901), juu ya namba mbili zipendanazo, ambazo kila moja ni jumla ya vigawo vya mwenziwe, kama 220 na 284. Alianza na msingi. Namba tasa ni ile iliyozidi 1, isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa nafsi yake, kama 2, 3, 5 na 7. Akathibitisha ya kuwa kila namba iliyozidi 1, isipokuwa tasa, huvunjika ikawa namba tasa zilizozidishwa pamoja, wala kuvunjika huko hakukosi mwisho. Hivyo 220 ni 2 mara 2 mara 5 mara 11, na 284 ni 2 mara 2 mara 71. Na mwenye kuzijua tasa hizo huvipata vigawo vyote kwa kuziunganisha. Akazitaja pia 17,296 na 18,416, ambazo Fermat wa Ufaransa alikuja kuzitangaza mwaka 1636.

Asiseme mtu kwamba huu ni mchezo. Amekufa mtu, ameacha mke, mama na wana watatu wa kiume. Mke ana thumni, mama ana sudusi. 8 ni 2 mara 2 mara 2, na 6 ni 2 mara 3. Kwa kuwa 2 moja wameshirikiana, asili ya mafungu ni 24, wala si 48. Mke ana 3, mama 4, wana 17. Lakini 17 ni tasa, haigawanyiki kwa 3. Basi zidisha 24 mara 3, upate 72: mke 9, mama 12, na kila mwana 17. Zizi la Ndalambo likiwa na ng'ombe 72 walio sawa kwa thamani, baada ya kulipwa deni na wasia, hauzwi hata mmoja wala ndugu hawagombani. Mwalimu asiyejua hayo hukadiria, na katika kukadiria haki ya mjane au ya yatima hupotea, na dhima ni juu ya aliyegawa.

Kamaluddin alifariki mwaka 718 Hijria (1319). Mwenyezi Mungu amrehemu, naye atujaalie kumpa kila mwenye haki haki yake. Wallahu aalam.