Bell wa Karamoja na Bunduki Zake

Msafiri atokaye Tororo kwenda Mbale hupita Busiu. Upande huo wa kusini ndiko misafara ya wafanya biashara wa pembe ilikotokea, mwanzoni mwa karne ya 20, ikitoka Mumias na kuelekea Karamoja. Mji wa Mbale ulikuwa mchanga, ndio kwanza unasimamishwa na Semei Kakungulu, ambaye naye alipata kuwa mwindaji wa tembo kabla ya kuwa jemadari. Miongoni mwa waliopita Mbale baada ya mwaka 1902 alikuwamo kijana wa Kiskoti, Walter Dalrymple Maitland Bell. Huyo ndiye tunayemweleza leo, kwani bunduki alizochukua begani zimekuwa hazina inayogombewa na wakusanyaji wa silaha za kale.

Bell alizaliwa mwaka 1880 karibu na Edinburgh. Wazazi wake walifariki angali mdogo, akalelewa na kaka zake, asitulie. Mwaka 1897 alifika Afrika Mashariki kuwaua simba waliowasumbua wajenzi wa reli ya Uganda. Kisha akaenda Kanada penye dhahabu, akauza nyama ya mawindo, mshirika wake akamdhulumu. Akajiunga na kikosi cha farasi cha Kanada, akapelekwa kupigana na Makaburu. Huko alitekwa, akatoroka.

Makaburu hao walipigana kwa bunduki za Mauser za milimita 7, kazi ya Ujerumani. Bunduki ya namna hiyo hiyo, iliyouzwa London na nyumba ya John Rigby kwa jina la .275, ndiyo Bell aliyoiendea nayo tembo. Wenziwe walimshangaa. Wao walibeba bunduki za mitutu miwili, zenye uzito wa kilo 5 na zaidi, risasi zake nene, teke lake la kumpepesua mtu asiyezizoea. Risasi ya Bell ilikuwa ya gramu 11 hivi, nyembamba, ndefu, iliyofunikwa chuma gumu mpaka ncha, nayo hupenya mfupa bila kupinda.

Tusidhani alibahatisha. Bell aliagiza fuvu la tembo lipasuliwe kwa msumeno, akachunguza ubongo ulipo, atazamwapo mnyama kwa mbele, kwa ubavu, na hata kwa nyuma mshazari. Safarini alikuwa akilenga na kufyatua bunduki isiyo na risasi, siku baada ya siku, mpaka mkono na jicho vikawa kitu kimoja. Askari yeyote aliyepitia kwa mkufunzi wa shabaha ataitambua kazi hiyo. Katika maisha yake aliua tembo 1,011, na wapatao 800 kwa ile milimita 7.

Lakini nyayo hakuzifuata peke yake. Huko Karamoja aliahidi ng'ombe kwa yeyote atakayempasha habari za tembo wakubwa, na Mkaramoja mmoja, Pyjale, ndiye aliyemwongoza porini. Majina kama hayo husahauliwa upesi, na sisi twaona si haki.

Wala hatumsifu kwa wingi wa mizoga. Sheria za uwindaji zilikuwa hazijashika nguvu huko, pembe zikaenda Ulaya kuwa vitufe vya piano na mipira ya biliadi. Nyuma ya biashara hiyo wakaingia wengine, hasa kutoka Uhabeshi, waliolipa pembe kwa bunduki. Mwaka 1911 serikali ya kikoloni iliwafukuza wafanya biashara Karamoja, ikapeleka askari wa K.A.R. Silaha zilizokwisha kuingia zikawa mzigo wa vizazi vya askari na polisi waliofuata.

Bell mwenyewe alikuwa amekwisha kwenda kwingine. Katika Vita Kuu ya Kwanza alikuwa rubani, akaruka juu ya Tanganyika, akapewa nishani ya Msalaba wa Kijeshi. Alistaafu Uskoti, akaandika vitabu, akafariki mwaka 1954.

Bunduki zake ziliuzwa. Rigby mojawapo ilinunuliwa na Robert Ruark, mwandishi wa Kimarekani, naye akamzawadia mtoto mchanga wa rafiki yake Harry Selby, mwindaji wa Kenya. Bunduki hiyo ilikaa katika nyumba ya Selby miaka mingi, mpaka kampuni ya Rigby yenyewe ilipoinunua tena.