Bibi Florence Nightingale na Hesabu Zake

Bibi Florence Nightingale alizaliwa tarehe 12 Mei, mwaka wa 1820, katika mji wa Florence, nchi ya Italia, akapewa jina la mji ule. Wazazi wake walikuwa Waingereza matajiri. Baba yake hakuwa na mtoto wa kiume, basi aliwafundisha binti zake wawili yeye mwenyewe, Kilatini, Kigiriki na mambo ya kale. Lakini Florence alipenda hesabu kuliko yote.

Siku zile kazi ya kuuguza ilidharauliwa sana katika Uingereza. Wengi walioifanya hawakufundishwa, na baadhi yao walikuwa walevi. Kwa hiyo Florence alipowaambia wazazi wake kwamba anataka kujifunza kuuguza hospitalini, walihuzunika mno, wakamkataza. Naye aliamini kwamba Mungu amemwita. Akangoja miaka mingi, akiamka kabla ya mapambazuko ili asome taarifa za hospitali za nchi mbalimbali, na mchana akikaa na wageni wa mama yake. Mwaka wa 1851 alipata ruhusa kukaa miezi mitatu Kaiserswerth, nchi ya Ujerumani, ambako wanawake Wakristo walifundishwa kazi hiyo.

Mwaka wa 1854 Waingereza na Wafaransa waliwasaidia Waturuki kupigana na Warusi katika nchi ya Krimea. Majeruhi na wagonjwa wa Kiingereza walipelekwa kwa merikebu mpaka Scutari, ng'ambo ya Stambuli, wakalazwa katika kambi kubwa iliyogeuzwa hospitali. Habari za mateso yao zilipofika London watu walighadhibika, na Waziri Sidney Herbert akamwomba Bibi Florence aende. Akafika mwezi wa Novemba pamoja na wanawake 38.

Aliyoyakuta huko yalitisha. Wagonjwa walilala sakafuni na nguo zao zimejaa damu na chawa; sabuni hakuna, vitambaa vya kufungia vidonda haba. Alinunua vitu kwa fedha alizokuja nazo, akasimamisha kazi ya kufua na kupika, na usiku alipita katikati ya vitanda na taa yake. Taa hiyo ndiyo watu waijuayo, na picha nyingi zimechorwa. Picha hizo si za uwongo, lakini zimeacha jambo lililo kubwa zaidi.

Maana wagonjwa walizidi kufa. Mwezi wa Februari, mwaka wa 1855, katika kila wagonjwa 100 walikufa 42. Mwezi wa Machi serikali ilituma wajuzi wa usafi. Wakaona kwamba chini ya nyumba ile mifereji ya uchafu imeziba, na hata maji ya kunywa yamechafuka. Wakaizibua mifereji, wakaondoa mizoga, wakafungua njia za hewa. Kufika Juni, wagonjwa waliokufa walikuwa 2 tu katika kila 100.

Vita vilipokwisha, mwaka wa 1856, alirudi kwao kimyakimya ili asipokewe kwa shangwe. Akakaa na Daktari William Farr, mjuzi wa hesabu za vifo, wakazichambua daftari za jeshi. Jibu lilikuwa chungu. Waliokufa kwa risasi na mabomu walikuwa wachache. Wengi waliuawa na kipindupindu, homa na kuhara, magonjwa yaliyoweza kuzuiwa. Na hospitali ya Scutari, ile ile aliyokesha ndani yake akidhani kwamba wanakufa kwa chakula kibaya na taabu za kambini, ilikuwa yenyewe mahali pa mauti. Mwingine angalificha jambo hilo, hasa mtu aliyesifiwa na taifa zima. Yeye aliliandika.

Alijua pia kwamba wakubwa hawapendi kusoma safu za tarakimu. Basi alichora duara zilizokatwa vipande 12, kila mwezi kipande chake: buluu kwa magonjwa ya kuzuilika, nyekundu kwa majeraha, nyeusi kwa mambo mengine. Asiyejua hesabu aliona mara moja jinsi buluu ilivyozimeza rangi nyingine. Akaonyesha tena kwamba hata wakati wa amani, katika kambi za Uingereza kwenyewe, askari 17 mpaka 20 katika kila 1,000 walikufa kila mwaka, hali raia wa umri wao walikufa 11 tu. Nao askari walichaguliwa kwa afya yao! Kambi zikaanza kutengenezwa.

Mwaka wa 1858 Chama cha Takwimu cha London kilimpokea, naye alikuwa mwanamke wa kwanza. Mwaka wa 1860 alitaka hospitali zote ziandike wagonjwa, waliopona na waliokufa kwa namna moja, zipate kulinganishwa. Mwaka huo huo shule ya wauguzi ilifunguliwa kwa jina lake katika hospitali ya St Thomas. Haya yote aliyafanya akiwa mgonjwa, mara nyingi kitandani, amezungukwa na karatasi. Hata Bara Hindi, ambako hakufika kamwe, alikuchunguza kwa barua na hesabu.

Uzeeni macho yake yalipofuka. Alikufa London tarehe 13 Agosti, 1910, mwenye umri wa miaka 90. Jamaa zake walikataa azikwe pamoja na wakuu wa nchi katika kanisa la Westminster. Alizikwa kijijini East Wellow, na juu ya kaburi jina lake halikuandikwa, ila herufi mbili tu, F. N., na tarehe za kuzaliwa na kufa.