Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji aliyeandika historia yetu kwa rangi

Mara hii tunawaeleza maisha ya mtu wa Lubumbashi ambaye tablo zake zilivuka bahari, na yeye mwenyewe akabaki hapa.

Tshibumba Kanda Matulu alizaliwa mwaka 1947, wakati mji ule ulikuwa ungali ukiitwa Elisabethville. Jamaa yake ilikuwa ya Waluba wa Kasai. Alikuwa kijana wa miaka kama 13 tu wakati wa uhuru, tarehe 30 Juni 1960. Siku 11 nyuma yake, Tshombe akatangaza kwamba Katanga imejitenga. Tarehe 17 Januari 1961, Lumumba na wenzake Mpolo na Okito wakauawa karibu na mji huohuo. Mwaka ule ule maelfu ya Waluba wa Kasai walikimbia nyumba zao na kulala katika kambi iliyolindwa na askari wa Umoja wa Mataifa, mulemule mjini. Sisi tuliolala kambini Kala na Mwange, kule Zambia, tunajua maana ya jambo hilo bila kuelezwa.

Alipokuwa mtu mzima, kazi yake ilikuwa kuchora na kuuza. Hakuwa na kitambaa cha wasanii wakubwa: alichora juu ya mifuko ya unga iliyotandikwa kwenye mbao, kisha akatembeza tablo zake nyumba kwa nyumba. Wakati ule wafanyakazi wa Lubumbashi walipenda kutundika picha kwenye salon: mamba muntu, ao picha ya wakati wa Wabelgiji, mfungwa amelazwa chini anapigwa fimbo na bendera inapepea juu. Mugeni akiingia, macho yanaenda ukutani, maongezi yanaanza. Mzee anakumbuka, kijana anauliza. Njo vile historia ilipita kutoka mdomo hadi mdomo, fasi ambapo kitabu hakikuwepo.

Lakini Tshibumba alitaka zaidi ya kuuza picha mojamoja. Alijiita mwana-historia. Mwishoni mwa mwaka 1973 alikutana na Johannes Fabian, Mjerumani aliyekuwa akifundisha kwenye chuo kikuu cha Lubumbashi, wakapatana achore historia yote ya nchi. Mpaka mwisho wa mwaka 1974 alikuwa amechora tablo kama 100: wafalme wa zamani, kufika kwa wazungu, Msiri aliyepigwa risasi mwaka 1891, wafanyakazi wa Union Minière waliouawa mwezi wa Desemba 1941 kwa sababu ya mgomo. Alipochora kifo cha Lumumba, aliweka misalaba 3 nyuma yake, na kila Mkristo alielewa. Mwishoni alichora hata mambo ya mbele ambayo hayajafika bado.

Kila alipoleta tablo, wawili hawa walikaa wakaongea, na maneno yao yakaingia kwenye kaseti. Waliongea Kiswahili chetu cha Katanga, kile cha sokoni na cha kiwandani. Na ilikuwa wakati wa Mobutu, ambapo kutaja jina la Lumumba vibaya ao vizuri kupita kiasi kungeweza kumletea mtu shida na Leta. Tshibumba alichagua maneno yake kwa akili, lakini hakunyamaza.

Mwaka 1996 Fabian alitoa kitabu chenye tablo zile pamoja na maongezi yao. Tablo zenyewe ziko Amsterdam, kwenye jumba la makumbusho lililoitwa zamani Tropenmuseum. Hatujui kama Tshibumba alikiona kitabu hicho. Tangu mwanzo wa miaka ya 1980 hajulikani alikopotelea. Waliomtafuta hawakumpata, na hakuna kaburi tunaloweza kuwaonyesha.

Kwa nini tunawaeleza haya katika gazeti la waliorudi? Kwa sababu tangu tumerudi, kila mmoja ana historia yake. Aliyebaki anasema tulikimbia, aliyekimbia anasema alifukuzwa, na mtoto aliyezaliwa kambini anaulizwa yeye ni wa wapi. Mambo ya parseli yanaanzia hapo, na kama hatuyaongei mchana, yataongewa usiku kwa mapanga. Tshibumba, mtoto wa jamaa ya Kasai aliyezaliwa Katanga, alichora Kongo nzima na hakumwomba mtu ruhusa ya kuiita yake.

Njo maana komite inaomba hivi: katika mkutano ujao, kisha kulipa mchango, watoto watachora safari ya jamaa zao, na wazee, waliobaki pamoja na waliorudi, wataeleza kila picha. Tutasikilizana hata pale tusipokubaliana. Wafadhili wenye kuweza kutuletea rangi na karatasi, tunawapokea kwa mikono miwili. Mifuko ya unga tunayo tayari.