André Citroën: Tajiri Aliyeuza Gari Likiwa Bichi

Kwa miaka mingi, tangu ile ya 1960 hadi ya 1980 na zaidi, msafiri wa pwani aliyefika Kitale au Bungoma kwa shughuli zake, awe mwalimu aliyehamishwa, karani wa reli au mfanyabiashara, alizikuta Peugeot zimepangana stendi zikingoja abiria. Zilikuwa 404, na baadaye 504, zile ndefu za viti vya safu tatu. Watu wamebanana ndani, magunia juu ya keria, na kuku chini miguuni mwa wenyewe. Magari hayo ndiyo yaliyopanda na kushuka njia ya Kiminini, Kamukuywa na Misikhu mpaka Webuye, na kutoka Webuye mpaka Bungoma. Na mkulima wa miteremko ya Mlima Elgon aliyepata malipo mazuri ya kahawa yake, alipofikiria kununua gari, jina la Peugeot lilimjia ulimini kabla ya mengine.

Jambo hili lina kitendawili ndani yake. Huko Ufaransa zinakotoka Peugeot, palikuwa na kampuni nyingine iliyoipita kwa ukubwa, kwa maarifa na kwa sauti ya kujitangaza. Jina lake Citroën. Tena Citroën ndiyo iliyotangulia kutufikia kwa kishindo. Mwishoni mwa mwaka wa 1924 magari yake manane, yenye mikanda ya mpira mahali pa magurudumu ya nyuma, yalitoka Algeria, yakavuka jangwa la Sahara na misitu ya Kongo mpaka Kampala. Hapo yakagawanyika makundi, na mwaka wa 1925 kundi moja, chini ya Louis Audouin-Dubreuil, likateremka mpaka Mombasa. Kampuni iliyofanya maajabu hayo haikupata mizizi Kitale wala Bungoma, na gari lake lilikuwa adimu katika barabara zile. Atakaye kujua sababu na ayatazame maisha ya mwenye jina hilo, Bwana André Citroën, aliyefariki mwaka wa 1935 akiwa amefilisika, ilhali gari lililomfilisi lilikuwa bora kuliko yote aliyowahi kuunda.

Alizaliwa Paris tarehe 5 Februari, 1878, kitinda mimba katika watoto watano wa familia ya Kiyahudi. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa almasi aliyetoka Uholanzi, na mama yake alitoka Warsaw, nchini Poland. Jina lao lina asili itakayotufurahisha sisi tuliozoea mashamba ya ndimu na malimau: wazee wao walikuwa wachuuzi wa matunda, na neno hilo kwa Kiholanzi maana yake ni limau. Msiba ulimfika mapema. Mwaka wa 1884, André akiwa na umri wa miaka sita tu, baba yake alijitoa roho, na mama akabaki na mzigo wa ulezi peke yake.

Kijana alisoma kwa bidii mpaka akaingia Polytechnique, chuo mashuhuri cha wahandisi wa Ufaransa. Mwaka wa 1900 alikwenda Poland kwa watu wa mama yake, na huko akaona magurudumu ya meno yaliyochongwa kwa mtindo wa pembe, mfano wa herufi V. Meno ya namna hiyo hushikana kwa utaratibu, hayapigi kelele, na hustahimili mzigo mzito. Alinunua haki ya kuyatengeneza akafungua karakana. Zile pembe mbili zilizo puani mwa kila Citroën hadi leo ni picha ya meno hayo.

Vita vikuu vilipozuka mwaka wa 1914, jeshi la Ufaransa lilipungukiwa na makombora. Citroën alijitolea kuyaunda, akajenga kiwanda kikubwa mahali paitwapo Javel, kando ya mto Seine, na wengi wa wafanyakazi wake wakawa wanawake, kwa maana waume zao walikuwa vitani. Amani iliporudi mwaka wa 1918 alibaki na mashine nyingi na majengo makubwa, wala hapakuwa tena na wa kumuuzia makombora. Lakini alikwisha kujifunza kutoka kwa Henry Ford wa Marekani jinsi ya kuunda magari kwa wingi na kwa bei nafuu. Basi mwaka wa 1919 akatoa gari lake la kwanza, Type A, nalo likawa gari la kwanza la Ulaya kuundwa kwa mtindo huo.

Hapo ndipo kilipodhihirika kipaji chake cha kumwelewa mnunuzi. Siku zile ilikuwa kawaida mtu anunue chesisi na injini, kisha aende kwa fundi mwingine kutengenezewa bodi. Citroën aliuza gari kamili, lenye bodi, taa, stata ya umeme na hata gurudumu la akiba. Mwaka wa 1922 akatoa gari dogo la 5CV, lililopendwa na wanawake kwa kuwa halikuhitaji nguvu za kuzungusha hendeli, na kwa ile rangi yake ya manjano watu wakalipa jina la limau dogo. Aliwafungulia watu mlango wa kununua kwa mkopo, akaeneza mawakala na vipuri nchini kote. Aliuza hata magari ya kuchezea, ili watoto walizoee jina lake wangali wadogo. Tangu mwaka wa 1925 hadi 1934 jina hilo liliandikwa kwa taa za umeme kwenye Mnara wa Eiffel, likawaka usiku likaonwa na mji mzima. Safari ile iliyofika Mombasa nayo ilikuwa tangazo la namna yake. Kufikia mwaka wa 1929 alikuwa akiunda karibu magari 100,000 kwa mwaka.

Wahenga wetu walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Bwana huyu alikuwa na chema, naye akakitembeza vile vile, wala hapo hana lawama. Kasoro yake ilianza alipoacha kuwasikiliza wanunuzi akausikiliza moyo wake. Mwaka wa 1926 aliacha kuunda lile limau dogo, hali lilikuwa bado linatakiwa, kwa sababu alitaka nguvu zote za kiwanda ziingie katika gari moja kubwa zaidi. Waliotaka gari dogo hawakumngoja. Waligeukia kwa wapinzani wake. Mwaka wa 1929 Peugeot ikatoa gari lake la 201, dogo, la kawaida, lisilo na ajabu yoyote, ila lilikuwa rahisi kununua na rahisi kutunza. Mara uchumi wa dunia ukaanguka, na gari hilo la kawaida ndilo lililoivusha Peugeot katika miaka ile ya dhiki.

Citroën naye alitafuta wokovu kwa njia nyingine. Alikuwa mtu wa kamari, mashuhuri katika meza za Deauville, na aliendesha kiwanda kwa moyo ule ule wa mcheza kamari: akishindwa, huongeza dau. Mwaka wa 1933, wakati fedha zilikuwa ngumu na wateja wachache, alikivunja kiwanda cha Javel akakijenga upya kwa muda wa miezi michache, kwa gharama kubwa. Mwezi wa Machi mwaka huo huo alimwajiri mhandisi hodari, André Lefebvre, akamtaka gari jipya kabisa, ambalo halijapata kuonekana, liwe tayari kwa muda wa mwaka mmoja hivi.

Na kweli lilikuwa gari la ajabu. Injini ilizungusha magurudumu ya mbele badala ya yale ya nyuma. Halikuwa na chesisi, bali bodi yenyewe ya chuma ndiyo iliyobeba kila kitu. Lilikaa chini, likashika barabara kama kucha, na breki zake zilikuwa za mafuta. Mambo haya yaliwahi kujaribiwa moja moja na watu wengine, lakini kuyakusanya yote katika gari moja la kuuzwa kwa wingi kulikuwa ni jambo jipya. Huo ndio mtindo unaofuatwa na magari mengi madogo ya leo.

Balaa ni kwamba lilitolewa kabla halijaiva. Citroën alitaka gia za kujibadilisha zenyewe. Zilipojaribiwa zikashindwa, na zikiwa zimebaki wiki chache tu mafundi wakalazimika kubuni giaboksi nyingine mbio mbio. Wadai walikuwa mlangoni, kwa hivyo gari likatolewa mwaka wa 1934 vivyo hivyo. Walioshindania kulinunua mwanzoni ndio waliopata hasara. Viungo vya kuzungushia magurudumu ya mbele vilikatika, bodi zikapasuka, na giaboksi zikasumbua. Mwenye gari lililolala njiani hakujali kwamba mwenye kulibuni ni bingwa. Tarehe 21 Desemba, 1934 kampuni ilitangazwa kuwa imefilisika. Michelin, watengenezaji wa matairi na wadai wake wakubwa, ndio walioichukua. Taa za Mnara wa Eiffel zilikuwa zimekwisha kuzimika. Mwenyewe, hali akiugua saratani ya tumbo, aliiona mali yake ikiingia mikononi mwa wengine, na tarehe 3 Julai, 1935 akafariki dunia.

Sasa tazama, msomaji. Wale warithi walikaa wakazirekebisha kasoro za gari lile moja baada ya moja. Lilipopata utulivu wake liliendelea kuundwa hadi mwaka wa 1957, na jumla yake ikafikia kiasi cha magari 760,000. Kumbe gari halikuwa baya. Lilikuwa kama embe boribo lililoangushwa mtini kabla ya siku zake: mnunuzi akilitafuna likamkera meno, haulizi ni embe la aina gani, huenda kwa mchuuzi mwingine.

Tabia ya mwasisi ilibaki katika kampuni. Mwaka wa 1948 ilitoa 2CV, iliyokusudiwa wakulima wa Ufaransa. Sharti la mkubwa wa kampuni, Bwana Pierre-Jules Boulanger, lilikuwa kwamba gari liweze kubeba wakulima wawili na viazi vya kilo 50, na lipite shamba lililolimwa pasipo yai kuvunjika kapuni. Mwaka wa 1955 ikatoka DS, gari la fahari lililoelea juu ya mafuta na hewa mahali pa springi. Huku juu palikuwa na DS, huku chini 2CV, na katikati, mahali walipo wanunuzi wengi, palikaa karibu patupu hadi GS ilipotoka mwaka wa 1970. Fedha nyingi zikaingia katika magari ya gharama yenye mitambo migeni. Bei ya mafuta ilipopanda mwaka wa 1973 kampuni ikayumba tena, na kati ya mwaka wa 1974 na 1976 ikachukuliwa na Peugeot, yule yule wa magari yasiyo na ajabu.

Turudi basi Kitale na Bungoma. Gunia moja la mahindi ya Trans Nzoia lina kilo 90, karibu mara mbili ya viazi vya Bwana Boulanger, na mkulima hapeleki gunia moja sokoni. Njia nyingi za kutoka mashambani zilikuwa za udongo, na mvua ikinyesha huteleza kama sabuni. Gari linaloendeshwa na magurudumu ya mbele, likijazwa mizigo nyuma na kuelekezwa mlimani, hunyanyuka uzito mbele, na magurudumu yakazunguka bure. 404 na 504 zilisukumwa na magurudumu ya nyuma, kwa hivyo gunia lililowekwa nyuma lilizisaidia kushika ardhi. Springi zake zilikuwa ndefu na laini, zikayameza mashimo. Na lililo kubwa zaidi, fundi wa chini ya mti Bungoma aliweza kuzifungua na kuzifunga kwa spana za kawaida. Nani angelitengeneza gari la kuelea juu ya mafuta maalumu, likilala Misikhu saa za magharibi?

Tena Peugeot zilijaribiwa mbele ya macho ya watu. 404 ilishinda mashindano ya Safari mwaka wa 1963, 1966, 1967 na 1968, na 504 ikashinda 1975 na 1978. Mwenye kuyaona magari yale yakitoka matopeni hakuhitaji kusomewa tangazo. Hata sisi wa Mombasa tuna fungu letu katika sifa hiyo, kwa maana 504 nyingi ziliunganishwa na mikono ya vijana wetu kiwandani Miritini.

Kwa mwalimu wa Bungoma aliyeweka akiba ya miaka kumi, gari halikuwa mapambo. Lilikuwa karo ya watoto, njia ya hospitali na jamvi la wageni wa harusi. Likifa, mali yote imekufa. Ndiyo sababu mnunuzi wa namna hiyo hana subira na gari bichi, hata likiwa na akili kiasi gani. Peugeot yenyewe haikusalimika na hukumu hiyo: tangu miaka ya 1990, magari ya Kijapani yaliyotumika yalipofunguliwa mlango, wanunuzi wale wale walihamia Toyota na Nissan, ambazo vipuri vyake vilipatikana kila duka. Leo Citroën na Peugeot ziko chini ya paa moja la kampuni ya Stellantis, iliyoundwa mwaka wa 2021, na katika stendi ya Kitale zote mbili hazionekani sana.

André Citroën alijua kumwita mteja kuliko mtu yeyote wa zama zake. Jina lake liliuza gari la kwanza. Gari la pili, ambalo mnunuzi hulinunua baada ya kulijua la kwanza, halikuweza kuuzwa na taa za mnara.