Makhan Singh: Mgeni Aliyekataa Kuondoka

Ndugu msomaji, Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini je, mgeni aliyelima miaka mingi, jasho likamtoka pamoja na wenyeji, bado ni mgeni? Swali hili si la mchezo. Hata humu mabwenini, wawili wakigombania ndoo ya maji, haichukui muda mmoja ataambiwa arudi kwao. Ndiyo maana nimeonelea niwasimulie habari za Makhan Singh.

Makhan Singh alizaliwa mwaka wa 1913 katika kijiji cha Gharjakh, wilaya ya Gujranwala, huko Punjab. Siku hizo nchi hiyo ilikuwa India ya Waingereza. Leo ni Pakistan. Baba yake alitangulia kuja Kenya, na mwaka wa 1927 kijana Makhan akamfuata Nairobi. Alisoma hapo mjini, kisha akaingia katika kiwanda cha baba yake cha kupiga chapa.

Mtoto wa mwenye kiwanda angeweza kujikalia raha mustarehe. Yeye hakuweza. Mwaka wa 1935 alichaguliwa katibu wa chama cha mafundi wa Kihindi. Jambo la kwanza alilolitaka ni kwamba chama kisiwe cha Wahindi peke yao, bali kifungue mlango kwa wafanyakazi wa kila rangi. Wakati huo serikali ya kikoloni ilikuwa imewatenga watu: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini kabisa. Basi matangazo ya chama yakaanza kutolewa kwa lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwemo. Mwaka wa 1937 mafundi waligoma kwa siku 62, na mshahara ukapanda.

Mwishoni mwa 1939 alikwenda India, na huko nako Waingereza wakamtia kizuizini. Aliporudi Kenya mwezi wa Agosti 1947, alikuta amri ya kumfukuza inamngoja. Eti hatakiwi nchini! Akakataa kuondoka. Alipelekwa mahakamani, lakini hakung'oka.

Tarehe 1 Mei 1949 yeye na Fred Kubai pamoja na wenzao walianzisha shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Afrika Mashariki. Kubai alikuwa rais, Singh katibu mkuu. Serikali ilikataa kuliandikisha.

Mwezi wa Machi 1950 Nairobi ilitangazwa kuwa jiji, na sherehe kubwa ikaandaliwa. Shirikisho likawataka wafanyakazi waisusie. Kwani walikuwa na nini cha kusherehekea? Waliojenga barabara na majumba ya jiji hilo walikuwa wakilala wamebanana kama dagaa, na mshahara haukutosha hata unga. Tarehe 23 Aprili, katika mkutano wa Kaloleni, Singh alisimama mbele ya umati akadai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Wakati ule wengi walikuwa bado hawajathubutu kulitamka hadharani.

Tarehe 15 Mei yeye na Kubai walikamatwa. Kesho yake Nairobi ikasimama. Waliofagia, waliopika, waliobeba mizigo na waliofanya kazi viwandani, wote waliacha. Mgomo ukaenea hadi miji mingine. Serikali ilileta askari na magari ya kivita, na ndege zikaruka juu ya mitaa, lakini mgomo ulidumu zaidi ya juma moja. Kumbe jiji si majumba wala bendera. Jiji ni mikono ya watu. Waafrika waligoma wakidai, pamoja na mambo mengine, Mhindi aachiliwe!

Hakuachiliwa. Alipelekwa Lokitaung, kisha Maralal na Dol Dol. Alikaa huko tangu Juni 1950 hadi Oktoba 1961, yaani miaka 11 na zaidi, mbali na mke na watoto. Mlango wa kutokea ulikuwapo: angekubali tu kuhama Kenya, angekuwa huru. Alikataa, kwa sababu kwake ilikuwa hapa.

Uhuru ulipopatikana mwaka wa 1963 hakupewa cheo chochote. Hakunung'unika barabarani. Alikaa akaandika historia ya vyama vya wafanyakazi vya Kenya, kitabu kilichotoka mwaka wa 1969. Alifariki Nairobi tarehe 18 Mei 1973.

Wanafunzi wenzangu, tarehe 1 Mei 2006 wahamiaji kote Marekani waliacha kazi na kususia maduka kwa siku moja, ili nchi ile ione inavyowategemea. Wengi waliona ni jambo geni. Kumbe Nairobi ilikwisha fundishwa somo hilo mwaka wa 1950: ukitaka kujua thamani ya mshika jembe, ngoja aliweke chini.

Basi siku nyingine ulimi ukikuwasha umwambie mwenzako arudi kwao, mkumbuke Makhan Singh. Yeye aliambiwa hivyo na serikali nzima, akabaki, na uhuru tunaojivunia leo una jasho lake ndani.