Burkitt: Tabibu aliyetetea pumba za nafaka

Jina la Denis Burkitt limebaki katika vitabu vya tiba kwa sababu ya saratani ya taya inayowapata watoto, aliyoieleza mwaka 1958 akiwa Kampala. Hata hivyo, urithi wake unaomgusa kila mlaji, awe Kampala au Mombasa, ni mwingine: thamani ya pumba ambazo kinu huziondoa katika nafaka.

Burkitt alizaliwa Enniskillen, Ireland, Februari 28, 1911. Akiwa na umri wa miaka 11 alipoteza jicho moja, lakini hilo halikumzuia kuwa daktari wa upasuaji. Mwaka 1946 alipelekwa Uganda, akahudumu Lira kabla ya kuhamia Hospitali ya Mulago.

Katika takriban miaka 20 aliyokaa huko, maradhi kama kidole tumbo na saratani ya utumbo mpana, yaliyokuwa ya kawaida Uingereza, aliyaona kwa nadra miongoni mwa wanavijiji. Maana ya jambo hilo ilimdhihirikia baada ya kurejea Uingereza mwaka 1966 na kukutana na Peter Cleave, daktari wa zamani wa jeshi la wanamaji, aliyeshutumu sukari na unga mweupe.

Mwaka 1972, Burkitt na wenzake walichapisha vipimo vyao. Chakula cha mwanakijiji wa Uganda, chenye nyuzinyuzi nyingi, kilipita tumboni kwa takriban siku moja na nusu. Cha Mwingereza kiliweza kukaa zaidi ya siku tatu.

Wakosoaji walimlaumu kwa kuzibebesha nyuzinyuzi mzigo mkubwa mno, ilhali jamii hizo zilitofautiana kwa mengi, zikiwemo kazi za sulubu.

Burkitt alifariki Machi 23, 1993, akiwa na umri wa miaka 82. Baadaye, watafiti wa Denmark waliwalisha watu wazima 60, waliokuwa katika hatari ya kisukari na maradhi ya moyo, nafaka zisizokobolewa na zilizokobolewa kwa zamu, wiki nane kila moja. Nafaka zisizokobolewa zilipunguza uzito na dalili za uvimbe mwilini, ingawa bakteria wa utumbo hawakubadilika sana.

Kwa wanaopunga upepo Mama Ngina, somo hilo haliko mbali. Mji wa Kale unaujua mkate wa mofa, wa unga wa mtama, kama unavyoyajua mahamri ya unga mweupe. Tofauti ya aina hiyo ndiyo aliyoieleza Burkitt kwa robo karne ya mwisho ya uhai wake.